Django forms: chombo kilichonirudishia sifuri

Kabla sijasifu chochote, nieleze kilichonifikisha hapa. Nilikuwa nimeandika kwa mkono, kwa lugha ya PHP, mfumo mdogo wa kuhesabu bidhaa ghalani. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vinne tu: jina la bidhaa, idadi iliyobaki, tarehe ya kuhesabu na maelezo. Siku ya tatu tangu uanze kutumika, mama aliyekuwa akitunza ghala alinipigia simu.

"Mwanangu, hii fomu yako inanikatalia. Naandika sifuri, inaniambia nijaze idadi. Mbona nimeshajaza?"

Nikamwambia, "Mama, hebu jaribu tena, pengine kidole kimeteleza."

Akajaribu tena huku nikimsikiliza. Jibu likawa lile lile: tafadhali jaza idadi.

Kidole chake hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja niliouandika bila kufikiri: if (empty($_POST['idadi'])). Nilidhani nauliza "je, kisanduku kimeachwa wazi?" Kumbe katika PHP maandishi "0" nayo huhesabiwa kuwa kitu kitupu, sawasawa na kisanduku ambacho hakikuguswa. Kilichoniuma zaidi nilikigundua jioni nilipofungua hifadhidata. Ili kazi isisimame, mama yule alikuwa ameandika 1 kila palipostahili sifuri. Bidhaa zilizokwisha kabisa zikasomeka kwamba bado ipo moja moja. Fomu yangu ilimlazimisha mtu mkweli kuandika uongo, na uongo ule ukakaa kwenye kumbukumbu ukionekana safi, wenye namba halali, tarehe halali, kila kitu halali.

Tangu siku ile nimekuwa nikipima kila chombo cha fomu kwa swali moja: je, kinatofautisha sifuri na kisichotumwa au kilichotumwa kitupu? Chombo nilichokaa nacho, mwaka wa saba sasa, ni Django forms, ile sehemu ya Django inayoshughulikia fomu. Tathmini hii ni ya sehemu hiyo tu, si ya Django nzima.

Kwa wasioijua, Django ni mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python. Ulizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na ukatolewa kwa umma mwaka 2005. Maktaba ya fomu tunayoitumia leo iliingia baadaye kwa jina la newforms, na kwenye toleo la 1.0 la mwaka 2008 ikachukua jina la forms. Ni bure, chini ya leseni ya BSD. Nautaja umri wake kwa sababu unaonekana ukiutumia: mitego mingi ninayoieleza hapa chini, mtu aliwahi kunaswa nayo kabla yangu, akaacha njia ya kuikwepa.

Sasa tuingie kazini. Kila kinachotoka kwenye fomu ya kivinjari kinafika kwenye seva kikiwa maandishi. Umri ni maandishi, tarehe ni maandishi, kisanduku cha tiki ni maandishi. Kisanduku cha tiki kina jambo lake: kisipowekwa tiki hakitumwi kabisa, wala hakileti neno "hapana". Kazi ya Django forms ni kusimama mlangoni, kupokea maandishi hayo, na kukukabidhi thamani za kweli za Python ndani ya kamusi iitwayo cleaned_data, au kukueleza kwa nini imekataa. Unatangaza umbo la fomu mara moja, unaita is_valid(), kisha unachukua vilivyosafishwa. Request.POST, yaani maandishi ghafi kama yalivyotumwa, unaachana nayo. Hii ndiyo nidhamu yenyewe, na watu wengi huivunja: wanaita is_valid() vizuri kabisa, halafu mstari unaofuata wanachota thamani kutoka request.POST kana kwamba hakuna kilichofanyika. Umeajiri mlinzi, halafu unapita dirishani.

Niliichukua ile idadi ya ghalani, nikaiandika upya hivi: IntegerField(min_value=0), yaani sehemu ya namba kamili isiyoshuka chini ya sifuri. Kisha nikakaa kwenye kompyuta nikailisha kila nilichoweza kukifikiria. '0' ikarudi 0, namba kamili. Nakumbuka nilivyoshusha pumzi. '' ikakataliwa kwa maelezo kwamba sehemu hii lazima ijazwe. ' 7 ' yenye nafasi mbele na nyuma ikarudi 7. '7.0' ikakubaliwa kuwa 7, '7.5' ikakataliwa. '-3' ikakataliwa na min_value. Hata tarakimu za Kiarabu, '١٢', zilirudi 12, kwa sababu Python yenyewe inazisoma. Nikiiambia required=False, kisanduku kitupu kinarudi None, neno la Python la "hakuna thamani", na sifuri inabaki 0. Hali mbili, majibu mawili. Mama wa ghala angeweza kuandika ukweli wake.

'1,500' ilikataliwa. Mwanzoni nililalamika, maana watu huandika koma za maelfu kwa mazoea. Nilipotafakari nikaona chombo kina haki. Kuna nchi ambako alama hiyo ni ya desimali, na 1,500 ni moja na nusu. Chombo kinachokisia hapo kitapatia mara nyingi, na mara chache kitakosea kwa kiwango cha mara elfu. Ipo njia ya kukiruhusu kifuate desturi ya lugha iliyochaguliwa, localize=True, ila ni wewe mwenye kuamua. Mimi napenda chombo kinachoniuliza pale kisipojua.

Kwa fedha na vipimo tumia DecimalField, usitumie FloatField. Hapa sina maelezo marefu: kwa namba za kuelea 0.1 na 0.2 ukizijumlisha hupati 0.3 kamili, na ankara haisamehi. DecimalField inakuruhusu kusema tarakimu ngapi kwa jumla na ngapi baada ya nukta, na inakataa maneno kama 'NaN' na 'Infinity' ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kukutumia akijua Python inayakubali kwingine.

Lakini mlinzi wa mlangoni hawezi kukulinda na wewe mwenyewe ukiwa ndani. Nilishapata sifuri yangu safi kutoka cleaned_data, nikaenda kuipoteza tena hatua mbili mbele. Mara ya kwanza niliandika if idadi: nikimaanisha "kama ameijaza". Katika Python pia sifuri ni sawa na hapana kwenye sharti la namna hiyo, kwa hiyo nikawa nimehamisha kosa lile lile kutoka lugha moja hadi nyingine. Inatakiwa if idadi is not None. Mara ya pili ilikuwa kwenye ukurasa wa ripoti. Nilitumia kichujio cha templeti (kiolezo cha ukurasa), default:"-", ili penye kitupu paonekane kistari. Bidhaa zote zilizokwisha zikaonekana kwa kistari, kana kwamba hazikuhesabiwa. Kichujio kinachofaa ni default_if_none. Majina yanakaribiana, kazi ni mbili tofauti. Ukitoka hapa na jambo moja tu, liwe hilo, kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Nije kwenye tarehe, ambako Django forms imenipa shida kubwa kuliko kwingine, na lawama ni za pande zote mbili. Miezi kadhaa baada ya kuhamia mfumo mpya, mama yule yule akanipigia. Huyu ni mtu anayeona vitu. Akasema, "Mwanangu, mwanzoni mwa mwezi fomu yako inakubali vizuri. Ikifika tarehe kumi na tatu inagoma. Mwezi uliopita ilikuwa hivyo hivyo."

Ukiwa mtaalamu wa kompyuta, sentensi hiyo inakutoa jasho. Kwa mpangilio wake wa mwanzo, DateField inakubali maumbo kadhaa ya tarehe, na mojawapo ni la Kimarekani: mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. Mama alikuwa akiandika siku kwanza. 13/04 ilikataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na huko kukataliwa ndiko kulikotuokoa. Balaa lilikuwa kwenye zile zilizokubaliwa. 03/04 ilihifadhiwa kuwa tarehe 4 Machi ilhali yeye alimaanisha tarehe 3 Aprili. Siku kumi na mbili za kila mwezi, ukitoa ile moja ambayo siku na mwezi vinalingana, zilikuwa zimeingia kombo kimyakimya. Nilizirekebisha kwa kulinganisha na muda ambao kila rekodi iliingizwa kwenye mfumo. Kama nisingekuwa nimehifadhi muda huo, nisingekuwa na njia.

Je, yote haya yameandikwa kwenye nyaraka za Django? Yameandikwa. Hata hivyo naona ni mpangilio mbaya kuanza nao, kwa sababu umbo la mwezi kwanza linaingiliana na la siku kwanza, na mpangilio wa mwanzo ungepaswa kukubali lile la mwaka kwanza pekee, ambalo halichanganyi mtu. Siku hizi siachi tarehe yoyote bila kutaja input_formats, orodha ya maumbo yanayokubalika, mwenyewe. Kisha naongeza wijeti (kinachochora kisanduku kwenye ukurasa) yenye type="date", ambayo kivinjari kinaonyesha kalenda yake na kutuma daima mwaka, mwezi, siku, bila kujali anachokiona mtumiaji kwenye kioo.

Na hapo kuna shimo jingine dogo. Wijeti ya DateInput kwa kawaida huchorwa kama kisanduku cha maandishi, si cha tarehe, unaiomba mwenyewe. Ukiiomba bila kuongeza format='%Y-%m-%d', na mfumo wako umewekwa kwenye lugha inayoandika siku kwanza, basi mtu akifungua rekodi ya zamani ili aihariri, tarehe itatumwa kwenye ukurasa kwa umbo ambalo kivinjari hakilitambui. Kivinjari hakisemi kitu. Kinaonyesha kisanduku kitupu. Mtu anabadilisha maelezo, anahifadhi, na kama tarehe si ya lazima, imeshafutika.

Sehemu ninayoipenda kwa moyo wote ni hii: mtu akikosea kisanduku kimoja kati ya kumi, Django forms inamrudishia fomu yake kama alivyoijaza, maneno yake yale yale, hata yale yenye kosa, na kosa linaandikwa kando ya kisanduku husika. Jambo dogo? Mwulize aliyewahi kuandika maelezo ya aya tatu kwa simu, akakosea tarehe, akarudishiwa ukurasa mweupe. Vinavyoachwa wazi ni neno la siri na faili, na ni sahihi viachwe. Tangu toleo la 5.0, lililotoka Desemba 2023, kisanduku chenye kosa kinapata pia alama ya aria-invalid, na maneno ya msaada yanaunganishwa na kisanduku chake, kwa hiyo asiyeona anayetumia kisoma skrini naye anaambiwa kosa liko wapi. Kabla ya hapo nilikuwa nayafanya haya kwa mkono, na mara nyingi nilisahau.

Maneno hayo yanaporudishwa, yanarudi yakiwa yamekingwa. Hili linanigusa kwa sababu ya lugha yetu. Tunaandika ng'ombe, king'ora, ng'ambo. Ritifaa iko ndani ya herufi zetu, si pambo. Mfumo wangu wa zamani ulikuwa "ukisafisha" ritifaa kwa kuitangulizia mkwaju wa nyuma wakati wa kupokea, na kila mtu alipohariri maelezo mkwaju mwingine uliongezeka. Nilikuta neno king'ora likiwa na mikwaju saba katikati. Django inafuata njia iliyonyooka: hifadhi alichoandika mtu kama kilivyo, uikinge hifadhidata kwa kutenganisha amri na thamani, na uikinge kurasa wakati wa kuonyesha. Kwenye hifadhidata ritifaa ni ritifaa. Kwenye ukurasa inageuzwa kuwa ' na kivinjari kinaionyesha kama ritifaa tena. Hakuna anayepoteza herufi yake, na mtu akiandika alama za HTML ndani ya kisanduku cha jina, zinaonekana kama maandishi tu bila kutekelezwa.

Kisichofanywa na Django, na ninachotamani wote tuandikao Kiswahili tukijue, ni tofauti ya ritifaa mbili. Kibodi nyingi za simu huweka ile iliyopinda, ’, wakati kibodi ya kompyuta huweka iliyosimama, '. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizo na undugu. Mtu anahifadhi "king’ora" kwa simu, mwenzake anatafuta "king'ora" kwenye kompyuta, anaambiwa hakuna, anaandikisha kingine. Mimi nimeandika darasa dogo linalorithi CharField, sehemu ya maandishi ya kawaida, na ndani ya to_python, hatua inayogeuza kilichotumwa kuwa thamani ya Python, nabadilisha ritifaa iliyopinda kuwa iliyosimama. Ni mistari minne. Naitumia kwenye kila fomu yenye majina.

Kwa nini to_python na si ile njia maarufu ya clean_jina, yaani ukaguzi wako mwenyewe wa kisanduku cha jina? Kwa sababu ya mpangilio wa kazi. Django hupitisha kila thamani kwanza kwenye to_python, kisha kwenye ukaguzi kama urefu, na mwisho kabisa ndipo clean_jina hupata zamu. Hili nililijifunza kwenye kisanduku cha maelezo chenye kikomo cha herufi 500. Kivinjari kilikuwa kikimwambia mtumiaji amefika 500 kamili, yuko sawa. Seva ikawa inakataa. Kivinjari huhesabu kila mstari mpya kuwa herufi moja, lakini kinapotuma fomu kinauandika kwa herufi mbili. Mtu mwenye mistari mipya kumi anafika na 510. Ukisahihisha kwenye clean_maelezo umechelewa, urefu umeshahesabiwa na mtu ameshakataliwa. Ukisahihisha kwenye to_python, hesabu za pande mbili zinakutana.

Hizo njia za clean_ zenyewe zina hatari moja ambayo bado naiogopa. Ukiandika clean_simu, lazima uirudishe thamani mwishoni kwa return. Ukisahau, Python inarudisha None kimya, na Django inaichukua None hiyo kuwa ndiyo thamani uliyoikusudia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ukaguzi mzuri sana wa namba za simu, unaokataa herufi, unaohesabu tarakimu, na nikasahau return. Safu ya simu ilikuwa inaruhusu kitupu. Watu arobaini na mmoja waliandikisha namba zao, fomu ikawaambia imehifadhi, na hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Ilinibidi nimtafute kila mmoja kwa barua pepe kumwomba namba yake upya. Ningependa Django itoe onyo pale thamani inapoingia ikiwa na kitu na kutoka ikiwa None. Haitoi.

Na tukiwa kwenye simu: namba ya simu si namba. Ukiiweka kwenye IntegerField sifuri ya mwanzo inaanguka, na alama ya kujumlisha inapotea. Hujumlishi simu wala huigawi, kwa hiyo ni CharField, yenye wijeti ya type="tel". Vivyo hivyo kwa namba za vitambulisho na za akaunti. Tena kisanduku cha type="number" kina tabia ya kubadilisha namba mtu akizungusha gurudumu la kipanya juu yake; kwenye kisanduku cha idadi ni kero, kwenye namba ya akaunti ni hatari.

Jingine la kutazama ni CharField kukata nafasi za mwanzo na mwisho. Kwa majina na anwani ni baraka, maana simu hupenda kuongeza nafasi baada ya neno. Kwa neno la siri ni kosa, kwa kuwa nafasi ile inaweza kuwa sehemu ya siri ya mtu. Fomu za kuingia zinazokuja na Django zimeshazingatia hili kwa strip=False. Ukiandika yako mwenyewe, iweke.

Usalama nitaugusa kwa vitu viwili tu, kwa sababu mengine yamekaa vizuri bila wewe kufanya kitu. Kwanza, ukitaka kisanduku kionekane bila kubadilishwa, weka disabled=True kwenye sehemu ya fomu yenyewe, si kwenye HTML peke yake. Hapo hata mtu akifungua zana za kivinjari na kulazimisha thamani nyingine, Django inaipuuza na kubaki na ya mwanzo. Nimelijaribu kwa mikono yangu, nikajituma bei ya uongo, ikapuuzwa. Pili, ModelForm, ile inayojenga fomu moja kwa moja kutoka jedwali la hifadhidata, inakuruhusu kuandika fields = '__all__'. Usiandike. Siku utakapoongeza safu ya "ni msimamizi" kwenye jedwali, nayo itaingia kwenye fomu bila wewe kuiita, na yeyote anayejua kutuma ombi atajipandisha cheo. Mwaka 2012 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo iliyokuwa ikitumia Ruby on Rails, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Ruby, ilipata tatizo la ukoo huo huo: aliyetuma fomu aliweza kujaza sehemu ambazo fomu haikumwonyesha. Django tangu toleo la 1.8 inagoma usipotaja sehemu zako. Ile '__all__' ni mlango walioubakiza kwa wenye haraka, na mimi kwenye timu yangu nimeufunga.

Vipo visivyonipendeza kabisa. Formset, chombo cha kurudia fomu moja mara nyingi kwenye ukurasa mmoja, ni kigumu kuliko inavyostahili. Kuna visanduku vilivyofichwa vya kuhesabu fomu, na ukiongeza mstari kwa JavaScript bila kuongeza ile TOTAL_FORMS, mstari wako unatupwa bila neno. Kibaya zaidi: mstari wa ziada ambao mtu hakubadilisha chochote huhesabiwa kuwa mtupu. Nilikuwa nimeweka idadi ya mwanzo iwe 1 ili kumpunguzia mtu kazi, na bidhaa ya mwanzo iwe ile inayopokelewa zaidi. Aliyepokea moja ya bidhaa hiyo aliona mstari umeshajazwa sawasawa na anavyotaka, akabonyeza hifadhi. Hakikuhifadhiwa kitu. Niliondoa thamani zote za mwanzo kwenye formset, na sijazirudisha.

BooleanField nayo huwakwaza wageni karibu wote. Sehemu zote za fomu ni za lazima usiposema vingine, na kwa kisanduku cha tiki "lazima" maana yake ni lazima kiwekwe tiki. Kwa "nimekubali masharti" ni sawasawa. Kwa "nitumieni taarifa" unakuwa umemzuia kujiandikisha kila asiyetaka barua zenu. Weka required=False.

Ujumbe wa makosa wa Django umetafsiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo, kwa LANGUAGE_CODE = 'sw'. Ni mwanzo mzuri na nawashukuru waliojitolea. Hata hivyo ujumbe wa jumla haumjui mtu wako. Mimi naandika wangu kwa error_messages kwenye kila sehemu muhimu: "Andika idadi iliyobaki. Kama imekwisha, andika 0." Simu za kuuliza kuhusu kisanduku kile zilikoma wiki ile ile.

Je, nakupendekezea? Kama unaandika Python na kurasa zako zinachorwa na seva, ndiyo, bila kusita. Sijaona kinachokaribia kwa jinsi kinavyoheshimu alichoandika mtu. Kama upande wako wa mbele wote ni JavaScript na seva inapokea JSON (data iliyopangwa kwa maandishi, bila fomu), hutapata faida ya kuchora fomu, ingawa bado unaweza kuipa kamusi yako na kuitumia kwa ukaguzi peke yake. Nimefanya hivyo kwenye kazi mbili na ilitosha. Usidanganyike tu kwamba ukaguzi wa kwenye kivinjari unatosha. Ule ni wa kumsaidia mtumiaji mwema asikosee. Asiye mwema hapiti kwenye kivinjari chako.

Kwenye kila fomu mpya, kabla sijaandika hata templeti yake, natunga majaribio matatu: moja lisilotuma idadi kabisa, moja linalotuma '' na moja linalotuma '0'. Nasubiri nione makosa mawili na sifuri moja. Mama wa ghala bado anautumia mfumo ule. Wiki iliyopita nilipofungua orodha, bidhaa sita zilikuwa zimeandikwa 0, kila moja na tarehe yake, siku kwanza.